Naomba ushauri: flashi ya nje kwenye ukumbi wenye dari ya vitambaa

Wakuu, habari zenu. Napiga picha za harusi na sendofu hapa Dar, natumia flashi ya kuchomeka juu ya kamera. Ukumbi wenye dari nyeupe ya chini haunisumbui: naielekeza flashi juu, mwanga unarudi laini. Shida ni hizi kumbi ambazo wapambaji wamefunika dari yote kwa vitambaa vya zambarau. Mwanga unarudi na zambarau yake, bibi harusi anatoka kama mgonjwa. Nikimmulika moja kwa moja, uso unameremeta jasho na nyuma yake giza tupu.

Kwa sasa naweka ISO 1600 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), spidi 1/60 ya sekunde, tundu la lenzi f/2.8 ili taa za ukumbi zionekane, na flashi naipunguza stopu moja (yaani nusu ya mwanga wake). Giza limepungua, ila nyuma sasa kuna rangi ya chungwa huku uso ukiwa na weupe wa baridi.

Je, plastiki ya rangi ya chungwa mbele ya flashi inatosha, au niihamishie kwenye stendi na mwamvuli? Stendi naiogopa, watu wakianza kwenda kutunza hakuna anayeangalia chini. Na mnaopiga ngozi nyeusi kando ya shela jeupe, flashi mnaipunguza kiasi gani? Nina kazi Jumamosi.