Naomba ushauri: nimwandikeje Mfalme Maelgwn wa Gwynedd bila kuchanganya historia na ngano?

Kalamu Taratibu (mwanzilishi wa uzi)

Wanajamvi, salaam. Ninaandaa makala ya Kiswahili kuhusu Maelgwn, mfalme aliyetawala Gwynedd, kaskazini-magharibi mwa Wales, katika nusu ya kwanza ya karne ya 6. Mhariri ameirudisha rasimu yangu akilalamika kwamba hajui ni wapi ninapoeleza yaliyotukia na ni wapi ninaposimulia ngano, na nikiisoma upya naona hakunionea.

Nilianza na kisa cha kiti. Inasimuliwa kwamba wakuu wa Wales walikutana kwenye mchanga wa mlango wa mto Dyfi, mahali panapoitwa Traeth Maelgwn hadi leo, wakakubaliana kwamba atakayeweza kukaa kitini mwake muda mrefu zaidi maji yakijaa ndiye atakayekuwa mkuu wao. Mzee mmoja, Maeldaf, alikuwa amemtengenezea Maelgwn kiti cha mbawa zilizopakwa nta, kikaelea, na wenzake wakakimbia bahari. Kutoka hapo niliruka moja kwa moja hadi kifo chake kwa tauni mwaka 547, kana kwamba mambo hayo mawili yana uzito mmoja. Je, kiti nikiondoe, nikisogeze nyuma, au nikiache kilipo? Naomba pia msaada wa jina la ugonjwa uliomuua, ambao Wales huuita Y Fad Felen. Nimeandika «homa ya manjano» na sina raha nalo.

Mtunza Kumbukumbu

Ndugu Kalamu, mwanzie Gildas, kwa sababu ndiye shahidi pekee tuliye naye aliyeandika Maelgwn akiwa hai. Mtawa huyu aliwashambulia kwa Kilatini watawala watano wa Waingereza wa kale, na huyu, anayemwita Maglocunus, akamweka wa mwisho na kumpa maneno mengi kuliko wote. Anamwita joka la kisiwa, na wengi hukichukulia kisiwa hicho kuwa Môn, ambacho Waingereza hukiita Anglesey. Anasema kwamba katika ujana wake alimwangusha mjomba wake, aliyekuwa mfalme, kwa upanga, mkuki na moto. Kisha akajuta, akaweka nadhiri ya utawa, halafu akaivunja na kurudi mamlakani. Anamtuhumu pia kumuua mkewe, kumuua mpwa wake, na kumwoa mjane wa mpwa huyo.

Hata hivyo, usimsome Gildas kama karani wa mahakama. Alikuwa mhubiri mwenye hasira, na lengo lake lilikuwa kuwatisha watawala watubu. Lakini mhubiri anayetaka kumchoma mtu aliye hai hawezi kumbunia maisha yote, kwa kuwa wasikilizaji wanamjua mhusika. Ndiyo maana mimi huyaamini zaidi yale anayoyataja kwa kupita tu: kwamba Maelgwn aliwapita wakuu wengi kwa nguvu na kwa kimo, kwamba alifundishwa na mwalimu aliyesifika karibu Uingereza yote, na kwamba masikio yake yalipenda kusikia sifa zake mwenyewe kutoka vinywa vya waimbaji wa ikulu (machawa, vijana wa leo wangesema) kuliko sifa za Mungu. Hilo la waimbaji lishike vizuri, maana litakufaa mbele.

Bi Mkalimani

Mwanangu, hilo la «homa ya manjano» lifute leo hii. Kwa msomaji wa Kiswahili, homa ya manjano ni ugonjwa unaoenezwa na mbu, wenye chanjo na cheti cha njano kinachoulizwa viwanja vya ndege. Ukiandika «ugonjwa wa manjano» nako atafikiria ini. Andika «Tauni ya Njano», kisha ueleze mara moja kwamba rangi hiyo ni ya masimulizi, na kwamba wanahistoria wengi huihusisha na tauni kubwa ya zama za Mfalme Justinian, iliyofika Constantinople mwaka 542.

Rangi yenyewe ina utamu wake. Katika masimulizi ya Taliesin, mshairi mashuhuri wa ngano za Wales, mshairi huyo anatabiri kwamba kiumbe cha ajabu kitatoka kwenye kinamasi cha Rhianedd kumwadhibu Maelgwn, nywele, meno na macho yake yakiwa kama dhahabu. Mfalme anajifungia kanisani Rhos, anachungulia kwenye tundu la mlango, anakiona, anakufa. Nakala za baadaye za kumbukumbu za Wales zinautaja hata msemo wa «usingizi mrefu wa Maelgwn» huko Rhos. Tafsiri «usingizi» iache kama ilivyo, usiigeuze kuwa «mauti», kwa sababu ndipo penye kejeli: watu wake wanadhani amelala.

Msomi Mkaidi

Mimi napingana na Mtunza Kumbukumbu. Ukimtanguliza Gildas, msomaji atamwona muuaji tu na hatakuwa na hamu ya kujua kwa nini Wales ilimsimulia kwa miaka elfu moja. Kiti kibaki mwanzo, ila useme waziwazi, katika sentensi ileile, kwamba kisa hicho kimehifadhiwa pamoja na maandishi ya sheria za Wales ya karne nyingi baadaye, na kwamba kinaeleza kwa nini mfalme wa Gwynedd alistahili kuwa juu ya wengine. Mwanasheria wa Gwynedd alikuwa na kila sababu ya kukipenda.

Na kila ngano uiulize inamnufaisha nani. Katika maisha ya Mtakatifu Cybi, mfalme anamwinda mbuzi, mbuzi anakimbilia kwa mtakatifu, na mwishowe mfalme anaitoa ngome iliyoko Caergybi iwe mali ya kanisa. Hiyo ni hati ya ardhi iliyovikwa ngozi ya mbuzi. Katika karne ya 14 mshairi Iorwerth Beli, akilalamika kwamba askofu wa Bangor anawapendelea wapiga ala, alimkumbusha kwamba Maelgwn aliwaamuru washairi na wapiga vinubi wavuke maji kwa kuogelea: vinubi vikaharibika, ilhali mashairi yakafika salama vifuani mwa wenyewe. Hapo Maelgwn ni mfano tu, na kesi ni ya mshairi na mshahara wake.

Kalamu Taratibu

Shukrani kwenu nyote. Bado nina kigugumizi cha mwaka 547 na ukoo wake. Nimesoma kwamba Cunedda, anayehesabiwa mwanzilishi wa ukoo huo, alikuja kutoka kaskazini mwa Britania miaka 146 kabla ya Maelgwn kutawala, lakini nasaba zinamfanya Maelgwn kuwa kitukuu chake. Nifuate lipi?

Mtunza Kumbukumbu

Usifuate lolote kwa upofu. Miaka 146 imo katika Historia Brittonum, kitabu cha Kilatini cha historia ya Waingereza wa kale, kilichoandikwa mwaka 829 au 830. Nasaba zinataja Cunedda, kisha Einion Yrth, kisha Cadwallon Lawhir, kisha Maelgwn. Ni hatua tatu tu, na miaka 146 inazivuta mno. Andika kwamba ufalme uliojijengea asili ya kaskazini ulizihifadhi hesabu mbili zisizokaa vizuri pamoja. Kuhusu 547, Annales Cambriae, yaani kumbukumbu za Wales za mwaka kwa mwaka, zilikusanywa katika karne ya 10, kwa hiyo neno «takriban» ni lazima.

Nakubali kushindwa na Msomi Mkaidi kuhusu kiti, kwa sharti moja: kisa cha Deganwy kikutane na Gildas uso kwa uso. Kwenye ngome hiyo, juu ya mlango wa mto Conwy, Taliesin kijana anawaroga washairi wa mfalme hata wanachezesha midomo kwa vidole na kusema «blerwm, blerwm» mbele yake. Toleo la kisa hicho aliloliandika Elis Gruffydd ni la katikati ya karne ya 16, miaka elfu moja baada ya Gildas, na lawama ni ileile: waimbaji wa sifa.

Kalamu Taratibu

Basi nimepanga upya. Kiti kinabaki mwanzo na umri wake umetajwa. Gildas anafuata kwa urefu. Deganwy inakuja mara baada ya waimbaji wake. Cybi na Iorwerth Beli wanapata aya moja ya pamoja. Ukoo nimeubana katika sentensi mbili. «Homa ya manjano» imefutwa, Bi Mkalimani, na mfalme wangu amelala Rhos, mlango umefungwa, takriban mwaka 547. Rasimu inarudi kwa mhariri kesho asubuhi.