Pensheni ya kampuni: kiasi kimoja maisha yote, au kikubwa kabla ya miaka 62?

Msafiri: Ndugu wanajukwaa, niko Marekani na nakusudia kustaafu nikiwa na miaka 58. Kikokotoo cha kampuni ni asilimia 1.5 ya wastani wa mshahara wa miaka 5 ya mwisho kwa kila mwaka wa utumishi, hivyo kwa miaka 30 na wastani wa dola 4,000 kwa mwezi napata dola 1,800, bila makato ya kustaafu mapema. Nimepewa njia mbili: dola 1,800 maisha yote, au dola 2,670 hadi miaka 62 kisha 1,470, kwa hoja kwamba mafao ya uzeeni ya serikali (Social Security) ya dola 1,200 kwa mwezi, nikianza kuyachukua nikiwa na 62, yatajaza pengo. Nichague ipi?

Mwanahesabu: Njia ya pili inakuongezea dola 870 kwa miezi 48, yaani dola 41,760, halafu inakukata 330 kila mwezi hadi mwisho wa uhai wako. Ukiacha riba, nyongeza yote inakuwa imeliwa ukiwa na takriban miaka 72 na nusu, na kuanzia hapo kila mwezi ni hasara. Zaidi ya hayo, pensheni nyingi za kampuni binafsi hazipandi pamoja na bei za bidhaa, ilhali mafao ya serikali hurekebishwa kila mwaka kufuata mfumuko wa bei.

Mama Zawadi: Naongezea jambo ambalo wengi hulipuuza. Pensheni itashuka ukifika 62 hata kama hujaanza kuchukua mafao ya serikali. Kwa aliyezaliwa 1960 au baadaye, kuyachukua akiwa na miaka 62 hupunguza asilimia 30 ya kile ambacho angelipwa akiwa na 67, na kila mwaka anaosubiri baada ya 67, hadi 70, humwongezea asilimia 8. Kwa hiyo njia ya pili inakusukuma kuchukua mapema, nami siipendi hata kidogo kwa mtu mwenye afya njema.

Msafiri: Nashukuru, Mama. Je, hizo dola 1,200 ni za uhakika?

Mwanahesabu: Hapana, ndugu yangu. Makadirio ya kawaida ya serikali huchukulia kwamba utaendelea kufanya kazi kwa mshahara ule ule hadi siku ya kuomba mafao. Hesabu yenyewe hutumia miaka 35 yenye kipato kikubwa zaidi, na ukiwa na pungufu ya hapo, miaka iliyobaki huingizwa kama sifuri. Omba makadirio mapya yenye kipato sifuri kuanzia umri wa miaka 58, kisha uyalinganishe na 1,200.

Mama Zawadi: Kama umeoa, uliza pia mwenzi wako atabaki na kiasi gani katika kila njia. Kwa sheria ya huko, pensheni ya namna hii hulipwa ikiwa na sehemu ya mwenzi atakayebaki, isipokuwa yeye mwenyewe akubali kwa maandishi kuiacha. Na hiyo 1,800 huenda imekokotolewa bila sehemu hiyo.