Ulinganisho: "familiar with", "conversant with", "proficient in" au "expert"? Nisaidieni kabla ya Ijumaa

Kijana wa Barabara ya 12
Wakuu, salama? Niko hapa Ngamiani, Tanga, nina diploma ya uhasibu, na Ijumaa ndiyo mwisho wa kupeleka maombi ya kazi ya karani wa stoo. Barua wanaitaka kwa Kiingereza. Nina mambo matatu ya kueleza, na kila moja nalijua kwa kiasi chake.

Excel nimeitumia kila siku kwa miaka miwili kwenye duka la mjomba la vifaa vya ujenzi. Mambo ya forodha niliyakuta nikiwa fildi, miezi miwili tu, nilikuwa najaza fomu na kupeleka makabrasha huku na kule. Kiingereza nasoma vizuri, kuongea ndio hivyo.

Kwa Kiswahili ningesema hili nalijua, hili nalifahamu kiasi, hili najitahidi, yakaisha. Kwa Kiingereza kila rafiki ananipa neno lake. Mmoja kaniambia niandike "expert" kote kote, eti wenzangu wote watafanya hivyo. Naombeni mnilinganishie, maana tofauti siioni.

Nahodha wa Pangani
Andika "expert" mkuu. Ukiulizwa swali, zimia.

Mkonge Mrefu
Nahodha unacheka, mimi yalinikuta. Niliandika "expert in Excel" nikaitwa kwenye usaili. Mezani watu watatu. Yule mama wa katikati hakuniuliza hata natokea wapi, aligeuza laptop ikanitazama. Karatasi ya kwanza ina namba za bidhaa na idadi, ya pili ina namba zilezile na bei, ila mpangilio umevurugwa. Akasema, "Zilete bei huku." Mistari elfu na kitu.

Mimi nilikuwa najua kujumlisha na kupaka seli rangi. Nikaanza kutafuta bei moja moja kwa macho na kuiandika. Nilipofika ya saba akaniambia kwa upole, "Asante kijana, inatosha."

Jioni ndio nikagundua Excel ina fomula inaitwa VLOOKUP, inatafuta namba kwenye karatasi nyingine na kukuletea bei yake, ile kazi ingekwisha kabla chai haijapoa. Leo naijua mpaka ubaya wake: usipoweka FALSE mwishoni inaweza kukuletea bei ya bidhaa nyingine kabisa, na ikanyamaza kimya. Lakini nimejifunza nikiwa sina kazi. Hilo neno wewe liache.

Bi Mkubwa wa Chumbageni
Mwanangu, nimekuwa katibu muhtasi tangu enzi za taipureta, barua za maombi nilizofungua hazina idadi. Neno la ofisini ni "conversant with". Matangazo mengi yameandikwa hivyo: "must be conversant with computer". Tazama tangazo lako limetumia neno gani, ulirudishe lilelile. Anayechambua barua ana rundo mezani, anatafuta neno alilolizoea.

Korogwe Digitali
Bi Mkubwa kwa heshima zote, "conversant" limechoka. Barua yenye neno hilo inanuka kabati la faili. Siku hizi ni "proficient in". Kampuni zenye wageni ukiandika conversant wanajua umenakili barua ya kaka yako.

Bi Mkubwa wa Chumbageni
Limechoka kwako wewe uliyelikuta juzi. Kazi ni ya stoo, haiko kwa hao wageni wako.

Mwalimu Mstaafu
Mnagombana lipi la zamani na lipi la kisasa, kumbe maneno yenyewe hayasemi jambo moja. Kijana amesema ana mambo matatu ya viwango vitatu, kwa hiyo anahitaji maneno matatu.

"Familiar" asili yake ni familia. Ungedhani kitu cha familia unakijua mpaka jikoni, lakini Mwingereza akisema "I am familiar with customs procedures" maana yake ni kwamba yeye si mgeni wa mambo hayo, ukimwelekeza hatashangaa. Ni dai dogo, na dai dogo halimuumbui mtu. Chunga tu kiunganishi. Anayejua ni "familiar with", kinachojulikana ni "familiar to". Nimewahi kusahihisha karatasi imeandikwa "I am familiar to computer", yaani kompyuta ndiyo inayomfahamu huyo mtoto.

"Conversant" linatoka kwenye kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuishi na mtu, kufuatana naye. Limepanda ngazi moja juu ya familiar: umekaa na jambo, unaweza kulizungumzia bila kushikilia karatasi. Bi Mkubwa yuko sahihi, ni Kiingereza safi. Ila halisemi mikono yako inaweza kufanya nini. Mtu anaweza kuwa conversant na kanuni zote za bandari na hajawahi kupakua hata gunia moja. "Well versed in" ni ndugu yake, nalo lina harufu ya vitabu zaidi. Sheikh ni well versed katika fiqhi, inakaa vizuri. Dereva wa winchi ukimwita well versed katika winchi, watu watatabasamu.

"Proficient" ni neno la kutenda. Ndiyo maana unaweza kusema "proficient in" ukataja fani, au "proficient at" ukataja kitendo. Na ni zito kuliko mnavyolirusha, hasa kwenye lugha. Cambridge walipoanzisha mtihani wao wa Certificate of Proficiency in English mwaka 1913, walikuja watahiniwa 3 na hakuna hata mmoja aliyefaulu! Hata ile ngazi ya lugha iliyotolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, yenye vidato sita kuanzia A1 hadi C2, jina la "proficient user" wamewapa C1 na C2 peke yao. Wa B1 na B2 wanaitwa "independent user", mtu wa kujitegemea.

"Expert" limetoka kwenye kujaribu, shina moja na "experience" na "experiment". Ni aliyejaribu mambo mengi mpaka yakamkaa. Sisi tungesema mbobezi, na hilo ni jina ambalo mtu hupewa na wenzake.

Halafu kuna msemo mzuri ambao vijana hamuutumii: "a working knowledge of". Ujuzi wa kutosha kufanyia kazi, si zaidi. Na msishangae hiyo "a". Knowledge haina wingi, usije ukaandika "knowledges", lakini ukiipa sifa mbele inakubali "a": a good knowledge, a working knowledge.

Kijana wa Barabara ya 12
Shikamoo mwalimu. Sasa naona mwanga. Na "fluent" je? Rafiki yangu ameandika "fluent in accounting".

Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Fluent ni kutiririka, hilo ni la lugha. Watu wa kompyuta siku hizi wanasema "fluent in Python" kwa kuwa wanaihesabu lugha. Hesabu za duka hazitiririki.

Korogwe Digitali
Za duka la mjomba wake huenda zinavuja.

Mtembeza Wageni
Mimi nafanya kazi ya kutembeza wageni Mapango ya Amboni, kwa hiyo nina swali la upande wa kuongea. Nilikuwa nawaambia "I know these caves like my palm". Wananielewa lakini wanatabasamu. Siku moja mzee mmoja Mwingereza akaniambia kwao ni "like the back of my hand". Nikajiangalia mikono. Mgongo wa mkono una nini cha kusoma? Michoro yote iko kiganjani! Sasa nasema "I know these caves inside out", wanacheka kwa sababu tuko ndani kweli, na bakshishi imeongezeka.

Mkonge Mrefu
Inside out si ndiyo nje ndani yetu hii hii? Hapo tumekutana nao.

Mwalimu Mstaafu
Imekutana vizuri kabisa. Ila ni ya mdomoni. Kijana usiipeleke kwenye barua.

Kijana wa Barabara ya 12
Nimejaribu, nisahihishieni:

"I have used Excel daily for two years and I am proficient at keeping stock records. I am conversant of customs procedures. I am fluent English."

Bi Mkubwa wa Chumbageni
Conversant WITH. Na miezi miwili ya kubeba makabrasha haikupi conversant, hilo hata mimi ninayelipenda nakunyima. Weka "familiar with". Kuhusu Kiingereza, mwanangu, barua yenyewe ndiyo inayosema. Ukiandika "I am fluent English" umeshajijibu.

Mwalimu Mstaafu
Naunga mkono. Kama tangazo linalazimisha ukitaje, sema ukweli wako kwa maneno yao: "a good reading knowledge of English". Msemo upo na unaheshimika, maana yake nasoma vizuri, kuongea tutazungumza. Na ile ya Excel iache kama ilivyo. Umetaja miaka, umetaja kazi, neno proficient limepata pa kuegemea.

Korogwe Digitali
Si nilisema proficient.

Mkonge Mrefu
Kabla hujatuma, ile VLOOKUP unaijua?

Kijana wa Barabara ya 12
Naifahamu kiasi kaka.

Mkonge Mrefu
Yaani familiar with. Kesho baada ya alasiri njoo pale kahawa Barabara ya 12 na laptop ya mjomba.