Tanga: Meza za mpira zimefungiwa stoo, kisingizio eti "Madola wameutoa mchezo"

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira na leo sitazunguka.

Hapa Tanga mjini kuna ukumbi mmoja ambao watu wa Ngamiani na Chumbageni wakisoma hapa watajua mara moja ni upi. Jina siliweki kwa sababu kuna wazee wetu wanaendelea kuongea na wahusika. Tangu sisi wadogo, jioni za ukumbi ule zilikuwa za mpira wa meza. Meza mbili, na moja kati ya hizo ilinunuliwa kwa michango ya wachezaji wa zamani, watu wa bandari na reli, kila mwisho wa mwezi wanatoa kidogo mpaka ikatimia. Sasa hivi meza zote zipo stoo, ukumbi unakodishwa kwa harusi na mikutano, na watoto wakifika mlangoni wanafukuzwa.

Tulikwenda kuuliza. Bwana mkubwa mwenye funguo akatujibu: "Huo mchezo hata Jumuiya ya Madola wenyewe wameutoa. Mnawafundisha watoto waende nao wapi?"

Jibu hilo ndilo limenifanya nifungue uzi huu, kwa sababu najua litasambaa, na mwingine mwenye funguo zake huko Muheza au Korogwe atalichukua vilevile.

Ni kweli, kwenye ratiba ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Glasgow, Uskoti, 2026 mpira wa meza haumo. Lakini haumo kwa nini? Michezo ile ilikuwa ifanyike jimbo la Victoria, Australia. Julai 2023 Victoria wakajitoa, wakisema gharama zimewashinda. Glasgow wakaibeba wakati muda umeshakwenda, wakaipunguza hadi michezo 10 kwenye viwanja vinne tu. Hoki imetolewa, kriketi imetolewa, vinyoya (badminton) vimetolewa. Kuna aliyesema kriketi imekufa duniani? Mpira wa meza ulikuwemo Madola kila awamu tangu Manchester 2002 hadi Birmingham 2022, na kwa Ahmedabad, India, 2030, wameshathibitisha kwamba umo, pamoja na ule wa watu wenye ulemavu. Mtoto wa miaka 12 anayefukuzwa mlangoni leo ndiye mwenye umri wa Ahmedabad. Tunamfungia mlango kwa sababu ya bajeti ya mji wa Uskoti?

Na Olimpiki je? Huko mchezo upo tangu Seoul 1988 na haujawahi kutoka. Paris 2024 ulikuwa na dhahabu 5, Los Angeles 2028 zitakuwa 6. Wenzetu wanaongeza, sisi tunafunga stoo. Michezo ya Afrika kule Accra, Machi 2024, mpira wa meza ulichezwa. Waende wapi? Njia hizo hapo.

Najua kuna watakaokuja hapa na lile la kila siku, kwamba huu ni mchezo wa Wachina. Sikatai kwamba Wachina wanautawala. Paris walibeba dhahabu zote 5, na ukijumlisha tangu Seoul wamechukua 37 kati ya 42. Lakini palepale Paris, Wang Chuqin, namba moja wa dunia, alitolewa hatua ya 32 bora na Truls Möregårdh wa Sweden, na kijana yule akaenda mpaka fainali. Waafrika nao wapo. Quadri Aruna wa Nigeria alifika robo fainali Rio 2016, Mwafrika wa kwanza kufika hapo. Omar Assar wa Misri akafika robo fainali Tokyo, akarudia Paris. Tanzania tulipeleka Paris wanamichezo 7, riadha, kuogelea na judo. Mpira wa meza hatukuwa na mtu. Tutampata wapi, kama meza imegeuzwa ya kupangia masufuria?

Hapo sitii chumvi. Siku moja nilifika pale kuna walima, karamu ya harusi, na stoo imeachwa wazi, nikaingia. Meza ile ya mchango imelalishwa chini, juu yake kuna duara jeusi la sufuria la moto, rangi imebabuka hadi mbao inaonekana. Kona moja imevimba kwa maji ya mvua, maana bati la stoo linavuja. Nilikuwa na mpira mfukoni. Sheria ya mchezo inataka mpira ukidondoshwa kutoka sentimita 30 uruke kama sentimita 23, na iwe hivyo popote kwenye meza. Nikaudondosha katikati, ukaruka vizuri. Nikaudondosha kwenye ile kona, ukakaa papo hapo kama ndimu. Nilitaka kulia, wallahi.

Watoto wenyewe hawajaacha. Nendeni barabara za ndani huko Ngamiani jioni, mtawakuta wametandika mlango wa mbao juu ya kreti za soda, wavu ni kipande cha khanga kimefungwa kwenye misumari miwili. Kuna binti mmoja pale anaanzisha mpira kwa kuukata chini kiasi kwamba vijana wakubwa wanaurudisha nje kila mara. Hakuna aliyemfundisha. Meza halisi ina urefu wa mita 2.74, ule mlango hata mita mbili na nusu haufiki, kwa hiyo kila anachojifunza pale, akikutana na meza ya kweli kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, itabidi akianze upya mbele ya watoto wa shule zenye vifaa. Mnamkomoa nani?

Hend Zaza alitoka Syria, nchi yenye vita, akafuzu Olimpiki ya Tokyo, na akacheza huko akiwa na miaka 12. Vita haikumzuia binti yule kupata meza. Tanga tuna amani, tuna ukumbi, tuna meza mbili na wazee wanaojua kufundisha bila kulipwa, halafu mtu mmoja na kufuli lake anatosha kuzuia kila kitu!

Hatujasema harusi zisifanyike. Harusi nyingi ni mwisho wa wiki. Tunataka jioni za Jumatatu hadi Alhamisi zirudishwe kwa watoto, stoo iezekwe, na meza iliyobabuliwa itengenezwe kwa fedha za ukodishaji, kwa sababu ni ukodishaji ulioiharibu. Na ijulikane kwamba meza ile ni mali ya waliochanga, haikuwa ya ukumbi hata siku moja. Baadhi ya wazee bado wana daftari la michango.

Jumamosi hii asubuhi wazazi na wachezaji wa zamani tunakwenda ofisini kwa bwana huyo mwenye funguo, na daftari tunakwenda nalo. Mdau yeyote wa Tanga aliye mjini aje. Na kama kuna mwanasheria humu anayeweza kutuambia mali ya mchango wa wanachama inadaiwa vipi pale chama kilipokuwa hakijasajiliwa, atuandikie hapa chini kabla ya Ijumaa.