Naomba ushauri: kanisani moyo mkavu, ufuoni natulia

Ndugu zangu, nauza samaki hapa Dunga, Kisumu. Tangu baba atutoke, Jumapili naimba na wenzangu lakini moyo mkavu kama omena wa juzi. Ila alfajiri nikingoja mitumbwi irudi natulia kabisa, na hapo ndipo naomba kwa kweli. Mama asema nimepotea. Binamu yangu wa chuo naye hunisimulia habari za Odera Oruka, mwanafalsafa wa Ugenya (1944–1995), aliyewahoji wazee wa vijijini kuonyesha kwamba falsafa si ya wasomi peke yao. Hilo lilinigusa (ingawa binamu mwenyewe hajawahi kununua samaki wangu!). Sasa, niendelee kwenda kanisani kwa ajili ya mama tu, au nimwambie ukweli? Mliopitia haya mlifanyaje?