Majibu ya damu nikiwa kwenye sindano za testosteroni: imeshuka au imepanda?

Baiskeli_Pongwe:
Habari za jioni wakuu. Niko Tanga, nina miaka 41, naomba anayejua kusoma majibu ya damu anisaidie maana tangu juzi usingizi hauji. Ukubwani niliugua matubwitubwi, korodani zikavimba zote mbili, nikapona lakini baada ya muda nikawa sijielewi, mwili mzito, ndevu zinapungua, mambo ya chumbani ndo usiseme. Daktari wa Dar akanipima asubuhi siku mbili tofauti, testosteroni iko chini, LH (homoni ya kichwani inayoamrisha korodani) iko juu, akasema korodani zimeumia, akanianzishia sindano ya testosteroni enanthate miligramu 250 kila baada ya wiki 3. Sasa ni mwezi wa sita.

Shida ni hii. Mwezi wa tatu nilipima Dar ikatoka 420, wakasema nzuri. Ijumaa nimepima hapahapa mjini imetoka 41, na pembeni wameweka H, yaani juu. Jamani kutoka 420 mpaka 41 inakuwaje H? Halafu LH kabla ya dawa ilikuwa 22, sasa 0.2 wameandika L, yaani chini. HCT (asilimia ya chembe nyekundu kwenye damu) 53.1 H, hemoglobini 17.6, PSA (kipimo cha tezi dume) ilikuwa 0.7 sasa 0.9. Kijana wa dirishani kanipa karatasi kasema muone daktari wako, basi. Daktari namuona mwezi ujao. Na mke wangu anataka mtoto wa tatu, sasa hiyo LH ya 0.2 ndo inaniua moyo.

Makorora_Mwisho:
Pole sana kaka. Mimi naona hiyo dawa uliyopewa haina nguvu, 420 mpaka 41 ni kushuka vibaya mno. Ongeza iwe kila wiki. Kuna jamaa anauzia vijana wa gym anazo nzuri nikuunganishe?

Dada_Maabara:
Kaka Makorora najua unataka kumsaidia mwenzio ila tafadhali asiongeze chochote, hapo utamuumiza.

Baiskeli, chukua hizo karatasi mbili uziweke sambamba, usiangalie namba kwanza, angalia herufi ndogo zinazofuata namba. Nina hakika ya Dar imeandikwa ng/dL na hii ya Tanga nmol/L. Ni kama mtu anakwambia umbali kwa maili mwingine kwa kilomita. Nanomoli 1 kwa lita ni kama nanogramu 28.8 kwa desilita, kwa hiyo 420 yako ya Dar ukigawa kwa 28.8 unapata kama 14.6, na hiyo 41 ya juzi ukizidisha inakuja karibu 1,180. Haijashuka kaka, imepanda, na imepita juu ya renji, maabara nyingi zinaishia kwenye 1,000 hivi au nanomoli 35. Ndo maana ya H. Na kuna mashine zinatoa ng/mL, ile 420 ingesomeka 4.2, hapo ungezimia kabisa.

Sasa nijibu maswali mawili. Sindano ya mwisho ulichoma lini, na siku ya kutoa damu ulikuwa umekunywa maji?

Baiskeli_Pongwe:
Dada Mungu akubariki. Ni kweli, moja ng/dL moja nmol/L, nimekodolea macho hizo karatasi siku mbili sikuona. Sindano nilichoma Jumatano asubuhi, damu Ijumaa. Maji sikunywa, nilidhani kila kipimo mtu anakwenda na njaa, nikapiga baiskeli kutoka Pongwe mpaka mjini, nilifika saa tano jua kali shati limelowa.

Dada_Maabara:
Haya, majibu yako yote mawili yanaeleza karatasi nzima.

Enanthate ukichoma inapanda haraka, siku ya kwanza mpaka ya tatu ndo iko kileleni, halafu inateremka taratibu mpaka sindano nyingine. Wewe umepima siku ya pili, umepima kilele. Kwa sindano za aina hii damu inatolewa katikati, kama ni wiki 3 basi siku ya 10 au 11, na madaktari wengi wanataka hapo isome kati ya 350 na 600 za ng/dL. Wengine wanapima asubuhi ya sindano kabla haijachomwa waone bonde limefika wapi. Yote sawa ilimradi karatasi iandikwe ni siku ya ngapi. Mimi wateja wakija nawaandikia kwa kalamu juu ya fomu, "siku ya 2 baada ya sindano", manake namba bila siku daktari ataisoma vibaya hata awe bingwa.

LH kuwa 0.2 usiogope, tezi ya chini ya ubongo ikiona testosteroni imejaa kwenye damu inaacha kuamrisha korodani. Kwa mtu anayechoma hiyo ndo kawaida. Ila, na hapa nasema kwa uzito, amri hiyo ikikatika na mbegu zinapungua, wengine zinaisha kabisa. Testosteroni ya kuchoma haiongezi uzazi, inauzima. Daktari wako anajua mnatafuta mtoto?

HCT ndo ya kuangalia sasa. Testosteroni inachochea uboho utengeneze chembe nyekundu nyingi, damu inakuwa nzito. Ikivuka 54 dawa inasimamishwa mpaka ishuke. Wewe uko 53.1 lakini ulikuwa mkavu, umetoka jasho kilomita zote hizo bila maji, na mpira wa mkono ukikazwa muda mrefu nao unapandisha kidogo. Rudia FBP (kipimo cha damu kamili, ndo chenye HCT) ukiwa umekunywa maji vizuri tangu jana yake, na ukija usije na baiskeli. PSA 0.7 kwenda 0.9 haina neno, PSA inashtua ikipanda zaidi ya 1.4 ndani ya mwaka wa kwanza au ikipita 4.

Mzee_Raskazone:
Mwanangu mimi nina miaka sita kwenye hii dawa, msikilize huyo binti. Kosa langu lilikuwa hilohilo la HCT, nilikuwa nachoma 250 kila wiki 2, uso mwekundu, kichwa kinagonga asubuhi, nikasema ni presha ya uzee. Kupima ni 56. Nilikuwa najipa moyo nitakwenda kuchangia damu yatakwisha, daktari akaniambia kutoa damu ni kuteka maji huku bomba liko wazi, la kwanza ni dozi. Akasimamisha mpaka ikashuka, tukarudi na dozi ndogo ya kila wiki badala ya kubwa ya mara mojamoja, kilele hakipandi sana. Tangu hapo niko 47, 48. Akanipima na usingizi pia, nilikuwa nakoroma mpaka pumzi inakatika, hilo nalo linapandisha chembe. Wewe mkeo anasemaje, unakoroma?

Na usimfiche habari ya mtoto. Mimi nilikuwa nimeshazaa wanangu wote, wewe bado.

Makorora_Mwisho:
Nimesoma, naomba radhi kaka, futa ushauri wangu. Huyo jamaa wa gym na mimi naachana naye.

Baiskeli_Pongwe:
Shikamoo mzee, ahsante. Usijali Makorora. Narudisha majibu. Nimerudia siku ya 11, nimekuja na daladala, maji nimekunywa. Testosteroni 16.9 nmol/L, nimepiga hesabu mwenyewe ni kama 487. HCT 50.4. Daktari nimempigia simu nikamsomea namba pamoja na siku, kaniambia sindano inayofuata nisichome kwanza, niende nikapime mbegu. Kasema kwa kuwa korodani ziliumia huenda zilikuwa chache hata kabla ya dawa, na hilo lilitakiwa lipimwe mwanzo kabisa. Sikuwa nimemwambia kuhusu mtoto, niliona aibu. Mke wangu kaniambia tutakwenda wote.

Dada_Maabara:
Nendeni wote. Kaeni siku 2 mpaka 7 bila kukutana kabla ya kipimo, na sampuli ifike maabara ndani ya saa moja, iwe na joto la mwili, iweke mfuko wa ndani wa shati usiitie kwenye barafu.

Baiskeli_Pongwe:
Sawa dada. Jumatatu asubuhi.