Tupeane uzoefu: mliosoma Ustawi wa Jamii ili mrudi kusaidia kwenu, ilikuwaje?

Mwanamaswa
Wakuu, salaam. Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita na anataka kusoma Ustawi wa Jamii. Sababu yake ni moja tu, arudi kwetu Maswa asaidie watu. Mimi niliingia Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama kwa sababu hiyohiyo, kwa hiyo naanza na yangu.

Mwaka 2021 niliomba fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, wilayani kwetu. Wiki ya tatu ikaletwa kesi ya binti wa kidato cha pili aliyepewa mimba na mtu mzima. Familia mbili zilishakaa na ng'ombe walishatajwa ili yaishe kinyumbani. Msemaji wa upande wa mwanamume alikuwa baba yangu mkubwa, yuleyule aliyeuza ng'ombe wawili nikapata ada.

Alikuja nyumbani usiku. Hakufoka. Aliniambia, "Mwanangu, tumekusomesha uje utusaidie. Haya, tusaidie."

Chuoni nilifundishwa kutunza siri ya mteja, kusikiliza bila kuhukumu, kuandika taarifa ya uchunguzi wa kijamii. Cha kumjibu baba mkubwa sikufundishwa. Nilijua kwamba tangu sheria irekebishwe mwaka 2016, kumpa mwanafunzi mimba ni kifungo cha miaka 30, na yeye alijua kwamba najua. Nikamwambia, "Shikamoo baba, hili siwezi." Asubuhi nikamweleza msimamizi wangu undugu wetu, faili akapewa mwingine, kesi ikaenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Baba mkubwa alikaa miezi minane bila kusema nami.

Nanyi mlikutana na nini?

Dirisha la Msamaha
Pole sana mkuu. Mimi ni afisa ustawi hospitalini, wilaya niliyozaliwa. Kazi yangu kubwa ni misamaha ya gharama za matibabu, kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea na wengine wasiojiweza. Ndugu zangu walidhani nina muhuri wa ukoo. Siku hizi ndugu akija, namkaribisha, namuulizia wa nyumbani, kisha faili lake linapita kwa mwenzangu. Wananuna, lakini yule bibi asiye na mtu mjini anapata haki yake.

Mtu wa Ganze
Nachangia kutoka Kilifi, Kenya. Huku kwetu wazee wanasingiziwa uchawi na wengine wameuawa, mara nyingi nyuma yake kuna shamba. Nilirudi na digrii nikaitisha mkutano kwa chifu, nikawahutubia habari za haki za binadamu. Watu walikunywa soda, wakaenda zao. Mama yangu ndiye aliyenishika mkono: nenda ukae na wazee wa kaya (wazee wa mila wa Wamijikenda), wasikilize, usibebe daftari. Nilikaa nao karibu mwaka mzima. Sasa uvumi ukianza juu ya mzee fulani, napigiwa simu kabla panga halijanolewa. Hiyo simu ndiyo naihesabu kuwa kazi yangu.

Mbali na Kwetu
Mwambie dogo ukweli kuhusu ajira. Nafasi zinapitia Sekretarieti ya Ajira, na unapopangiwa hakuna anayekuuliza kwenu wapi. Mimi wa Newala niko Katavi, na kwa kweli nashukuru, maana hapa naingia nyumba yoyote bila kuitwa mtoto wa fulani. Tena asichanganye na maendeleo ya jamii, ile ni kada nyingine. Wengi tuligundua tukiwa mwaka wa pili.

Mwanamaswa
Asanteni sana, dogo amesoma yote na bado fomu anajaza.

Kuna aliyeniuliza pembeni habari za yule binti. Alijifungua salama, na mwishoni mwa 2021 serikali ilipowaruhusu wanafunzi waliojifungua kurudi shule, alirudi. Miezi mingi baadaye mwenye duka la sare aliniambia nani alilipia sketi, viatu na madaftari yake. Ni baba mkubwa. Mwenyewe hajanitajia hadi leo, nami sijamuuliza.